Pipa Alilolikalia Nafiso

Madereva wa malori yaliyopita Garissa kwenda Modogashe na Habaswein walikuwa na mtu wao wa mafuta, na mtu huyo hakuwa na bango wala pampu. Nafiso Bare aliuza diseli kwa mapipa, kando ya kibanda cha mabati, na dereva aliyekuwa na haraka alijua kwamba haraka yake itasubiri. Kabla hajakupimia, mama huyu alichota kidogo kwenye chupa tupu ya soda, akaiinua juani na kuitazama. Ukimwuliza anatafuta nini, alikujibu kwamba anatafuta mwongo.

Jicho hilo alilipata kwenye maziwa ya ngamia. Msichana wa Habaswein, aliolewa na dereva akaletwa mjini, akauza maziwa sokoni miaka tisa. Maziwa yaliyotiwa maji aliyatambua kabla hayajafika mdomoni, na aliyeyaleta alirudi nayo kwao pamoja na maneno ya kumtosha mwezi mzima. Mumewe alipofariki alimwachia mapipa mawili ya diseli na binti mmoja, Ramlo. Watu wakamshauri auze mapipa arudi kwenye maziwa. Akawajibu kwamba kitu cha majimaji ni kitu cha majimaji, na asiyeweza kuibiwa kwenye maziwa hataibiwa kwenye mafuta. Miaka kumi na mmoja baadaye, kutoka Isiolo hadi Mandera, madereva walisema diseli ya Nafiso haina maji. Alilijua neno hilo na alilipenda. Nisimfiche: alikuwa na maringo, tena ya kutosha watu watatu.

Kisha ikaja mvua ya mwaka tisini na saba. Watu walikuwa wameomba mvua misimu miwili. Ilipokuja, ikasahau njia ya kurudi. Barabara zikakatika, malori yakazama matopeni, na mto Tana ukatoka kitandani mwake ukaenda kutembea mashambani. Ramlo alikuwa ameolewa upande wa chini wa mto, kwa watu wenye shamba la ndizi, na mimba yake ilikuwa imetimiza miezi. Habari zikaja kwamba watu kumi na tisa wamekimbilia kilima kidogo katikati ya maji, Ramlo akiwa mmoja wao, na kila asubuhi kilima kinapungua.

Boti ilikuwapo moja tu. Ililetwa na watu wa misaada kabla barabara haijakatika, boti ya mbao yenye injini ya diseli, na nahodha wake alikuwa Mpokomo aitwaye Komora, mtu wa maneno machache. Tangi lake lilikuwa tupu. Afisa wa misaada, kijana wa mjini jina lake Abdijabar, akaenda moja kwa moja kwa Duale, tajiri mwenye ua mkubwa wa mapipa. Duale akatoa pipa jipya ambalo muhuri wake haujavunjwa, akakataa hata kutajiwa malipo. Vijana wakalibingirisha hadi ukingoni kwa nyimbo.

Nafiso alikuwa amesimama pale tangu alfajiri, macho kwenye maji. Alipoona pipa linafunguliwa, akaja na chupa yake na mpira mwembamba.

"Eeddo, leo si siku ya chupa," Abdijabar akamwambia kwa heshima, akimwita shangazi. "Lina muhuri."

"Muhuri unazuia mwizi. Haujazuia mvua." Akauzamisha mpira hadi chini kabisa ya pipa, akaziba ncha ya juu kwa kidole gumba, akauvuta na kumimina kwenye chupa. Kikatoka kitu cha rangi ya uji. Wakangoja. Taratibu kikajigawa: mafuta ya manjano yakapanda juu, na chini yakabaki maji, vidole viwili vizima.

Duale akaapa kwamba hakuna aliyegusa pipa lile, na alisema kweli. Kosa lilikuwa la mji mzima. Watu wa nchi kavu tunasimamisha mapipa wima nje, maana tangu lini mvua ikawa adui wa mtu Garissa? Kifuniko cha pipa kina ukingo, na mvua ilikaa juu yake wiki kwa wiki. Mchana pipa likipata joto linatoa pumzi. Likipoa linavuta pumzi ndani, na maji yaliyokaa juu ya kizibo yanaingia nayo. Watu wa pwani hulaza mapipa yao. Komora alilijua hilo, lakini hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Basi tuchukue ya mama huyu," mtu mmoja akapaza sauti. "Diseli ya Nafiso haina maji!"

Watu wakaitikia. Wakafuatana naye hadi kibandani, umati mzima, na Nafiso akatembea mbele kichwa juu. Akafika, akayaona mapipa yake matatu. Yote yalikuwa yamesimama wima.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtaka apime. Jina lake lilikuwa limetosha. Kwa wiki tatu hakuwa na dereva wa kumuuzia, kwa hiyo hakuwa amechota hata tone. Akauzamisha mpira katika pipa la kwanza, akamimina chupani mbele ya wote, na chupa ikamwonyesha maji. La pili, maji. La tatu, maji. Uso ulimwaka. Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko hicho kilimuuma kuliko kufiwa.

"Hata yangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Diseli ya Nafiso ina maji. Haya, mmesikia."

Abdijabar akasema muda unakwisha, wachukue pipa lolote wamwachie Mungu. Vijana wawili wakalishika la tatu walibingirishe. Hapo Nafiso akafanya jambo ambalo hakuna mama wa umri wake aliyewahi kulifanya hadharani: akalirukia pipa, akaketi juu yake, miguu ikining'inia.

"Asiliguse mtu!"

Akamgeukia Komora kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho kila p iligeuka b. "Sikiza mimi. Lori nakufa barabarani, dereva nashuka, nakunywa shai. Boti nakufa hapo katikati, wewe nashuka wabi?"

"Sishuki popote, mama," Komora akajibu. "Mto unanichukua."

"Haya. Hii biba nakaa hapa wiki tatu, hakuna mtu natikisa. Maji iko chini, nalala. Diseli iko juu, safi. Ile ya Duale nabingirishwa, yote nachafuka. Hii hatubeleki biba. Tunabeleka diseli."

Ndivyo wanawake wa maziwa wanavyoengua mafuta ya juu: chombo hakisogezwi. Akashuka polepole, akautumbukiza mpira shibiri mbili tu chini ya uso wa mafuta, akaushika kwa mkono wake mwenyewe ili usishuke, akavuta kwa mdomo, akatema, na diseli ikaanza kutiririka. Mdomo wa jerikeni aliufunika kwa mtandio mpya uliokunjwa mara nne. Kila jerikeni aliichotea chupa na kuipeleka juani. Pipa lilipofika nusu akauchomoa mpira, Abdijabar akaomba zaidi, naye akakataa katakata. Akahamia la pili, kisha la kwanza, nusu kwa nusu. Jerikeni zikabebwa begani hadi mtoni. Aliyebingirisha hata moja alitukanwa hadi babu yake wa saba.

Boti ikaondoka saa nne asubuhi. Nafiso akabaki ukingoni akiisikiliza injini hadi sauti ikapotea, kisha akaendelea kusikiliza. Adhuhuri ikapita, akasali papo hapo. Saa kumi mtu akasema anasikia kitu, na kilikuwa mlio wa injini, mnene, usiokatika, ukipanda dhidi ya maji.

Watu kumi na tisa walishuka. Komora akafungua kikombe kidogo cha glasi kilicho chini ya filta na kumpa Nafiso aone. Hakikuwa na tone la maji. Duale akakitazama pia, akamwambia Komora kesho atakuja na vijana wake awafundishe jinsi watu wa pwani wanavyolaza mapipa.

Ramlo alishuka mwisho, ameshikwa mikono na wanawake wawili, tumbo mbele.

"Hooyo," akamwambia mama yake, "tulipofika kwenye mkondo, boti ilirushwa huku na huku, watu wakaanza kulia. Huyu nahodha akatuambia diseli ni ya nani. Nikaacha kuogopa."

Nafiso alitaka kumjibu kwa maringo yake ya kawaida, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Nusu ya juu tu, mwanangu," akasema. "Ya juu ndiyo yangu." Akalia mbele ya wanaume wa mji mzima, na hakufunika uso.