Sisi Siyo Mashahidi, Sisi ni Ndugu

Siku ya kwanza tulikwenda mahakamani wengi, kama tunavyokwenda kwenye kikao chochote cha ukoo. Mama alitoka Ugalla na baba mdogo, wakalala kwenye chumba tulichopanga mimi na kaka hapa Mpanda, asubuhi tukavaa nguo za kanisani tukaongozana. Kwetu mtu akiitwa kujibu jambo haendi peke yake. Ndugu wanakaa nyuma yake, karibu, ili aonekane ana watu.

Kaka alikuwa anaomba mambo mawili: ndoa ivunjwe, na binti yake wa darasa la pili akae naye. Ndoa hakuna aliyeipigania sana. Kesi yenyewe ilikuwa mtoto. Wifi alishasema kwenye baraza la usuluhishi la kata kwamba mwanaume asiye na kosa la kumtajia mkewe hawezi kuja tu akabeba mtoto. Na kweli, pale barazani kaka hakutaja kosa. Alisema tu, "Hatuelewani." Mzee mmoja wa baraza akamwambia, "Kijana, vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mnunulie mwenzio kitenge mrudi nyumbani." Watu wakacheka. Kaka akakataa kurudi, ndiyo wakatuandikia karatasi ya kwenda mahakama ya mwanzo.

Kosa mimi nilikuwa nalijua, kwa sababu nilikuwepo jikoni.

Niliishi kwao tangu nilipomaliza darasa la saba. Wifi ni mchangamfu. Sokoni anauza dagaa wa Karema, na wateja wanapita meza za wengine wanamfuata yeye kwa vichekesho vyake. Nyumbani alikuwa anabadilika bila dalili, kama mvua inayonyesha kukiwa na jua. Siku hiyo jikoni kaka alisema chumvi imezidi kwenye mboga. Hakupaza sauti. Wifi akainua sufuria ya maji ya ugali yaliyokuwa yanachemka akammwagia shingoni na begani. Kabla ya hapo alimpiga kwa mwiko, na mara nyingine kwa mchi. Kaka alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni.

Kaka ni mrina asali. Msimu ukifika anakwenda porini Ugalla na wenzake, na mrina asali hakosi alama mwilini: nyuki, miiba, cheche za mwenge wa kufukizia mzinga. Kwa hiyo hospitali alisema mwenge. Kwa majirani alisema mwenge. Jirani mmoja alimtania, "Mwenge gani huo, kila siku unakuchagua wewe?" Kaka akacheka pamoja naye.

Halafu siku moja nilimsikia mtoto akimwambia mwenzake, huku wanaruka kamba, "Baba yangu aliunguzwa na mwenge." Alisema vizuri kabisa, bila kusita, wala kamba haikumkwama. Nilimwambia kaka. Hakula siku hiyo. Wiki ile ile tukatafuta chumba, lakini mtoto wifi alimzuia.

Shahidi wa kaka nilikuwa mimi. Mimi ni mtu ambaye hata dukani nanyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka. Nilifanya mazoezi nikiosha vyombo: "Mheshimiwa, mimi nilikuwa jikoni." Kila mara sauti iliishia hapo.

Tulipoingia ukumbini, karani akatangaza, "Mashahidi wote wasubiri nje mpaka waitwe."

Nilinyanyuka. Baba mdogo akanivuta gauni.

"Kaa wewe. Wanaambiwa mashahidi. Sisi siyo mashahidi, sisi ni ndugu."

Nikakaa. Niliona amesema kweli kabisa. Ningemwachaje kaka mbele ya watu, mgongo wake wazi?

Wifi akainama kutoka benchi la pili. "Wifi yangu, mmekuja ukoo mzima? Mnaogopa nitamla?" Watu wake wakacheka, na mimi nusura nicheke.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimuuliza kaka kwa nini hana amani nyumbani. Kaka akageuka nyuma. Akamwona mama. Akamwona baba mdogo, aliyemfundisha kupanda mti kwa kamba akiwa bado mdogo.

"Hatuelewani, mheshimiwa."

"Na hilo kovu la shingoni?"

"Mwenge, mheshimiwa. Ndiyo kazi zetu."

Mikono yangu ilianza kuvua na kuvaa pete ya shanga, kuvua na kuvaa. Hakimu akauliza kama ana shahidi.

"Ninaye. Mdogo wangu, huyu hapa nyuma."

"Huyu aliyekaa humu tangu tumeanza?" Hakimu alinitazama. Nilitazama chini. "Shahidi anakaa nje ili akija aseme ya kwake. Huyu ameshasikia ya kwako. Akisema kama wewe, nitajuaje kama ameona? Na akisema tofauti na wewe, nimwamini nani?"

Akaahirisha kesi, akamwambia kaka aende akafikiri anataka kuiambia nini mahakama.

Nje, baba mdogo aliuliza, "Kwani siyo mwenge?" Kaka akatembea mbele. Mama alimtazama baba mdogo, kisha akanitazama mimi, na nadhani alielewa hapo hapo, maana alijifunika mdomo kwa khanga.

Baada ya wao kurudi Ugalla nilishindwa kutulia. Nilikuwa naosha sufuria safi. Nilifagia uwanja uliokwishafagiliwa. Kaka naye alikuwa anatoka mlangoni, anafika barabarani, anarudi. Mwisho akasimama mbele yangu.

"Siku ya kesi usiingie."

"Nani atakaa nyuma yako?"

"Asikae mtu. Nikiwaona nyie, nakuwa mrina asali, nasema mwenge."

Iliniuma. Nilifikiri nitaonekana nimemtupa. Lakini nilikubali, tukaenda wawili, nikabaki nje ukutani, karibu na vijana wa bodaboda. Nilikuwa natembea mpaka mwisho wa ukuta na kurudi.

"Dada, unaondoka au unapima ukuta?" mmoja akaniuliza.

Dirishani niliisikia sauti ya kaka, chini sana, kama ya mtu anayesoma asichokijua. Halafu kicheko cha wanaume. Halafu hakimu: "Anayecheka atoke." Mtu mmoja akatoka kweli, bado anatabasamu, akawafuata bodaboda.

"Humo ndani kuna jamaa anapigwa na mke wake."

"Weee! Mwanaume mzima?"

"Kamwagiwa maji ya moto ya sufuria."

Wakacheka wakigongana mabega. Mmoja tu hakucheka, yule aliyeniuliza habari ya ukuta. Alikuwa anafuta kioo cha pikipiki. "Sasa maji ya moto yanajua huyu mwanaume?" alisema. "Hebu jimwagie wewe tuone." Wakamzomea. Mimi niligeukia ukuta.

Kaka alipotoka, vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana, kola upande mmoja juu, mwingine chini. Alikuwa amevua shati mbele ya watu.

"Nimesema," aliniambia.

"Yote?"

"Na ya mwiko."

Nilitaka kumfunga vifungo vizuri, lakini kulikuwa na watu. Tukaondoka hivyo hivyo. Mimi hakimu hakuniita; alikuwa ameagiza ofisi ya ustawi wa jamii wazungumze na mtoto, peke yake, kabla ya hukumu.

Siku ya hukumu kaka aliniambia niingie. Hakimu alisoma polepole. Ndoa imevunjika. Mtoto akae na baba yake, mama amwone Jumamosi na wakati wa likizo. Wifi hakuwa na kichekesho siku hiyo. Alilia akiwa ameegemea ukuta, na nilimwonea huruma, ingawa sikujua niipeleke wapi huruma hiyo. Nilidhani kaka atafurahi. Alisimama tu, akaniuliza, "Shuleni wanatoka saa ngapi?"

Tulifika getini kabla kengele haijalia. Kaka hakuweza kusimama mahali pamoja. Mtoto alipotuona alikuja mbio, halafu akapunguza mwendo, akatutazama mmoja mmoja. Kaka akamwambia kwamba kuanzia leo atakaa kwetu.

Mtoto alifikiri kidogo.

"Na huko wakiniuliza shingo yako, niseme mwenge?"

Kaka alichuchumaa, akafunga upya kamba za kiatu cha mtoto, ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Waambie waniulize mimi," alisema.

Nilibeba begi. Tukarudi kwa miguu, mtoto akiwa katikati.