Mume Wangu Aliikimbia Garantie ya Miaka Kumi

Nimeona watu wakitoka dukani mbio kwa sababu ya bei. Nimeona mmoja akitoka mbio kwa sababu mke wake ameingia.

Mume wangu alitoka mbio kwa sababu ya garantie.

Muuzaji alisema, "Hizi, Papa, miaka kumi bila shida." Mume wangu akaiweka chini ile betri aliyokuwa ameishika, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Akatoka. Hakuaga.

Nikadhani ameenda kukojoa.

Hakurudi siku hiyo. Wala kesho yake.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana najua mtaanza kuuliza kwenye komenti kabla hamjamaliza kusoma.

Naitwa Séphora. Nina graduat ya informatique, shahada ndogo ya kompyuta, nina watoto watatu, na sina uvumilivu na watu wanaozungusha maneno. Tunatoka upande wa Mangina, magharibi ya Beni. Tulikuwa na shamba la kakao, nyumba ya bati, na jiko la nje ambalo mume wangu alilijenga kwa mikono yake. Waasi walipoingia kijiji cha jirani, tukatoka na nguo tulizovaa. Tangu hapo tuko Butembo, mtaa wa Vulamba, kwenye parcelle, kiwanja cha kanisa.

Tunaishi ndani ya camping-car.

Msicheke. Wazungu wawili wazee walikuwa wanazunguka Afrika na hiyo nyumba ya magurudumu. Moteri ikakufa hapa kwetu kwenye matope. Wakangoja vipuri mpaka wakachoka, wakaiachia kanisa, wakapanda ndege. Pasteur Zorobabel akatuambia, "Ingieni humo kwa sasa."

Hilo "kwa sasa" tulilipenda sana.

Ina vitanda, ina meza ya kukunja, ina panneaux za jua juu ya paa. Chini ya kiti cha nyuma kuna betri mbili. Hizo si za moteri, ni za nyumba. Mchana zinashiba jua, halafu zinalisha taa, ordinateur ya kuandikia na imprimante yangu ya kuchapia. Ndiyo, nimefungua secrétariat pale mlangoni. Nachapa kazi za mwisho za wanafunzi, barua za kuomba kazi, programu za harusi na za mazishi.

Mazishi ndiyo mengi.

Betri zikifa, hatuli. Ni hivyo tu.

Na zilikuwa zinakufa. Wingu likipita, imprimante inasimama katikati ya ukurasa. Mwanafunzi anabaki ameshika nusu ya conclusion yake, ananitazama kama mimi ndiye niliyeleta wingu.

Sasa sikilizeni kosa letu.

Kila betri zilipochoka, tulinunua za gari. Betri ya gari kazi yake ni kuamsha moteri kwa nguvu mara moja, kisha ipumzike. Ukiilazimisha kulisha nyumba kutwa mpaka ikauke, inakufa upesi. Nilijua hivyo. Mume wangu alijua. Hata Hadassa, binti yetu mkubwa, alijua.

Lakini mume wangu alikuwa na wimbo wake.

"Mama Hadassa, zile kali za nini? Mwezi ujao tunarudi kwetu."

Wala si yeye peke yake. Watu wa kwetu hapa Vulamba hawanunui kitanda, wananunua godoro. Hawapandi parachichi, wanapanda lengalenga, kwa sababu lengalenga italiwa kabla ya safari. Jirani yangu Bénite alipewa mlango wa mbao bure, akakataa.

"Mulango ya kufanya nini? Miye niko naenda!"

Bado yuko hapa. Anafunga na pazia.

Mimi nilichoka. Nikaweka akiba kimya kimya mpaka ikatosha. Nikamwambia mume wangu, "Baba Hadassa, safari hii tunanunua betri za kweli. Vaa viatu."

Tukaenda kwa Kitsa, katikati ya mji. Kitsa ni Munande wa biashara hasa; barabara za Guangzhou anazijua kuliko za Goma.

"Wabukire, Mama! Wabukire, Papa! Tuwape nini?"

"Betri mbili za nyumba. Na usinipe za zamani ulizobandika karatasi mpya."

"Ah, Mama! Unaniita muizi mbele ya bwana yako?"

"Bado sijakuita. Onyesha kwanza."

Akacheka, akaonyesha. Kwanza za asidi, ndugu za zile zilizotuua. Kisha za jeli, nzito, ambazo ukizitunza zinavumilia miaka michache. Mwisho akashusha lithium mbili kutoka rafu ya juu.

Mume wangu akainua moja, akakunja uso.

"Hii haina kitu ndani. Nyepesi hivi?"

"Papa, usipime betri na mukono kama mukungu ya ndizi! Hii unaikausha karibu yote, asubuhi inakula jua, inasahau. Chargeur ya ile gari yenu nitakuja kuibadilisha miye mwenyewe. Hizi, Papa, miaka kumi bila shida. Ile batoto yenu itaolewa, itazaa, betri iko tu pale pale Vulamba!"

Hapo ndipo alipoiweka chini.

Kitsa akanitazama. "Mama, nimesema mubaya?"

"Hapana. Umesema kweli. Ndiyo ubaya wenyewe."

Simu ya mume wangu ilikuwa imezimwa. Bénite alikuja kunifariji kwa namna yake.

"Labda iko kwa deuxième bureau. Wanaume ni wale wale."

"Kama yuko kwa mwanamke, leo nitalala vizuri."

Sikulala. Asubuhi nikaenda kuuliza kwa wale wa pikipiki. Mmoja wao, Mumbere, alimkumbuka.

"Nilimupeleka ku parking ya Beni, Mama. Alikuwa anauliza magari ya Mangina."

"Alikuwa na mzigo?"

"Hapana. Mikono tu."

Watu wanaorudi kwenye mashamba ya kule, wengine tunaletewa ndani ya shuka. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale, na nilijua hivyo nikirudi nyumbani kwa miguu. Nilipofika, mwanafunzi alikuwa ananingoja na clé yake ya faili mkononi.

"Mama, marge ya kushoto iko kubwa."

Nikakaa, nikarekebisha marge, ile nafasi ya pembeni mwa ukurasa. Ningefanya nini kingine? Nikachapa kurasa za watu mpaka betri zikazima, kisha nikakaa mbele ya kioo cheusi cha ordinateur, nikiwaambia watoto kwamba Papa amepata kazi ndogo Beni.

Mume wangu alirudi siku ya tatu alasiri, katika mvua, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha mkoa mzima. Nilipomwona uso, yote yakaniishia.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kwetu, Mama Hadassa. Kwetu kuko ngapi?"

Nikampa chai. Akaishika bila kuinywa.

"Nilipotea," akasema.

"Njiani?"

"Hapana. Mu shamba yangu."

Alikuwa amelala Mangina kwa binamu yake, kisha akafuatana na watu waliokuwa wanaenda mashambani, askari wachache mbele yao. Akavuka kijito chetu. Akapanda. Pori lilikuwa limemeza kakao. Akaitafuta nyumba, hakuona hata nguzo.

"Nikasema, basi jiko nitalijua. Nililijenga miye mwenyewe, na haya mikono. Nikazunguka, nikazunguka. Soldat mumoja akaniuliza, 'Papa, unatafuta nini?' Nilikuwa kama mutu ameingia mu shamba ya wengine kuiba."

Akaiweka chai chini.

"Enda ununue zile za miaka kumi."

Mnaelewa? Nilikuwa nimeshinda. Kwa muda wote huo nilikuwa nabishana na mtu huyu, na sasa amekubali bila masharti.

Nilingoja nifurahi. Furaha haikuja.

Kila asubuhi, tangu tumefika Vulamba, alikuwa anapiga simu Mangina: "Njia iko namna gani?" Kelele hiyo ilikuwa inaniudhi kabla ya chai. Sasa aliamka, akakaa mlangoni, akaitazama parcelle. Hakupiga simu kwa mtu. Panga lake, ambalo alikuwa analinoa kila Jumamosi ingawa halina cha kukata, alimpa mume wa Bénite.

"Utalihitaji," nikamwambia.

"Kukatia nini?"

Siku hiyo Hadassa alikuwa anamenya viazi. Akasema tu, kama anavyosema kila mara, "Papa, tukirudi, miye nataka chumba ya upande wa barabara."

Akamjibu bila hasira. "Tukirudi wapi, mama?"

Mtoto hakulia. Aligeuka akanitazama mimi. Kisu kimesimama juu ya kiazi, macho kwangu, anangoja niseme neno.

Na mimi, mwenye diplome, mwenye mdomo, nikainama kuokota maganda.

Kesho yake tukarudi kwa Kitsa. Mume wangu alikuja kwa sababu nilimwambia aje kubeba.

"Papa! Leo hatukimbie?"

"Hapana. Leo sina pa kukimbilia."

Kitsa akadhani ni mzaha, akacheka peke yake. Akashusha zile lithium mbili, akazifuta vumbi, akaziweka mbele yangu. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya sacoche, umeshika pesa.

Nikasikia mtu akisema, "Rudisha hizo. Nipe za gari."

Alikuwa ni mimi.

"Mama?" Kitsa akasema. "Zile zile ulikuja kutukana hapa?"

"Zile zile."

"Lakini Mama, zitakufa! Wewe mwenyewe unajua!"

"Acha zife. Miaka kumi nitafanya nayo nini hapa? Mwezi wa saba barabara ikikauka, tunarudi kwetu."

Mume wangu akanigeukia. Tangu tumefunga ndoa sijawahi kumdanganya usoni, na aliujua uongo huo vizuri, maana ulikuwa wake.

"Mama Hadassa. Umekunywa?"

"Beba betri, Baba Hadassa."

Nilidhani atasema ukweli mbele ya Kitsa na mbele ya wateja wote, na kama angesema, ningelia pale pale sakafuni, mtu mzima na vitambulisho vyangu. Aliinama, akapandisha moja begani, akatoka. Mimi nikabeba ya pili kwa kukumbatia, asidi ikinichoma blauzi.

Tulitembea mpaka mteremko wa Vulamba. Akasimama kubadilisha bega.

"Mwezi wa saba," akasema, bila kunitazama, "mvua inakuwa imepungua."

"Ndiyo."

"Kidogo."

"Ndiyo. Kidogo."

Tukaendelea.

Mwezi wa saba umepita. Hatukwenda popote, na hakuna aliyeutaja. Betri zimeanza kuchoka kama nilivyojua zitachoka. Nimepoteza wanafunzi, wanakwenda kuchapa mjini. Akiba iliyobaki imeliwa na karo na homa za watoto, kwa hiyo hata nikitaka za miaka kumi leo, sizipati. Bénite ananiita mujinga, na kwa hesabu ana haki.

Wewe unayesoma haya ukiwa nyumbani kwenu, usiniige. Kwa ajili ya nyumba nunua betri ya nyumba, lipa mara moja, sahau. Anayekuambia kwamba ya gari inatosha, anakuibia au anajiibia.

Lakini kama mmekimbia, nawaambia jambo moja tu. Nilijiona mwenye akili kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba anayebeba ule ujinga wa "mwezi ujao tunarudi" kwa niaba yetu wote. Siku alipoutua, niliona watoto wanatafuta nani atauokota. Msipate akili wote siku moja.

Sasa ni zamu yangu. Asubuhi napiga simu Mangina mimi, nauliza njia iko namna gani. Wananijibu, naitikia kwa sauti, watoto wasikie.

Mume wangu aliifanya kazi hii vizuri kuliko mimi.