Bega la Kulia la Baba Mdogo

Siku ile katika duka la Mukendo, mjini Musoma, walikuwepo Mzee Abdu, mwenye duka na Fundi Mkuu wetu. Bi Zuhura, aliyeshona bitana na matundu ya vifungo. Baba mdogo Masatu, aliyefika asubuhi kutoka Bukima akiwa bado ananukia dagaa. Mdogo wangu Majura. Nyangeta, kitindamimba wetu. Na mimi, Perusi, niliyekuwa nimeacha shule muhula uliotangulia. Mzee Abdu na Bi Zuhura wamekwisha kufariki. Sisi wengine bado tupo, kila mmoja na uchovu wake.

Baba yetu alitangulia zamani, na mama tulikuwa tumemzika kabla ya masika. Ukoo ulikuwa umekwisha kupanga: Majura aende Bunda kwa mjomba, Nyangeta aende Bukima kwa baba mdogo, nami nitafutiwe mume. Nilikataa. Niliwaambia wazee nimepata kazi kwa fundi wa suti, na kwamba chumba tulichopanga na mama kule Kamunyonge kitatutosha sisi watatu. Baba mdogo alikuja kuona kwa macho yake kama kazi hiyo ipo kweli.

Mzee Abdu hakumficha kitu. Alimweleza kwamba katika duka lake kuna mafundi wa aina mbili. Fundi wa suruali huitwa kazi ikiwepo, na isipokuwepo hukaa nyumbani. Fundi wa koti ana kiti chake na cherehani yake, na chakula chake si cha kubahatisha.

"Akifika kwenye koti, kiti ni chake hadi achoke mwenyewe," alisema.

"Na asipofika?"

"Asipofika, njoo uwachukue wanao."

Baba mdogo alimtazama Nyangeta, ambaye alikuwa ameanza kuokota vipande vya kitambaa chini ya meza. Nyangeta amebeba jina la mama yake baba mdogo, ndiyo maana hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mama. Akasema, "Basi nitasubiri koti." Akaondoka bila hata kunywa maji.

Ninyi mnaoshona sasa mnaletewa koti limekwisha kushonwa mahali pengine, mnapunguza mikono, mnaingiza kiuno, mnarudisha. Siwalaumu. Lakini mjue koti lilikuwaje. Kwanza tulipima. Kisha tulikata, na pembeni mwa kila mshono tukaacha akiba, yaani kitambaa cha ziada cha kulipanua koti mwenyewe akinenepa. Kisha tulipiga bandi, ule ushonaji wa mikono wa nyuzi ndefu, ili vipande vishikane kwa muda. Mteja alikuja kujaribu likiwa bado na bandi zake nyeupe, likawekwa alama za chaki, likafumuliwa, likashikizwa upya. Kifuani tuliweka kanvasi, kitambaa kigumu cha ndani, tukakishona kwa mkono kidogo kidogo ili kifua cha koti kipate umbo la kifua cha mtu. Mikono ilipachikwa mwisho. Baada ya hapo ilikuwa pasi ya mkaa na kitambaa kibichi, na jasho lako mwenyewe.

Mimi nilianza na kufumua bandi. Kisha nikapewa bitana, kisha mifuko, kisha suruali. Tatizo langu lilikuwa kupima. Wanaume wengi hawakutaka msichana awasimamie kifuani na tepu. Mzee Abdu akanifundisha kupima nikiwa nyuma ya mtu. Alisema uongo wa koti huonekana mgongoni kabla ya mahali pengine, kwa hiyo anayeanza nyuma hajapoteza kitu. Alinifundisha pia kutomwambia mtu asimame vizuri. Ukimwambia asimame vizuri, anakuletea mtu mwingine, anabana tumbo, anapandisha kifua, na koti unamshonea huyo mgeni. Unampigisha soga za samaki, za mvua, za wakwe zake, hadi asahau kwamba anapimwa. Hapo ndipo unaweka tepu.

Mwaka uliofuata, Mzee Abdu alisema nimefika kwenye koti la mtihani. Hii ilikuwa desturi yake. Mwanafunzi anashona koti moja peke yake kuanzia kupima hadi kupiga pasi, na Fundi Mkuu ndiye anayechagua mtu wa kushonewa. Kitambaa kinatoka dukani, na mtu yule anaondoka nalo. Nilitegemea angenichagulia karani mmoja aliyekuwa mwembamba na aliyenyooka kama rula. Akasema, "Mshonee baba yako mdogo. Si ndiye anayelisubiri?"

Bi Zuhura aliacha sindano hewani. Alijua, kama nilivyojua, kwamba baba mdogo ni mtu mgumu kuliko wote kushonewa. Amepiga kasia na kuvuta nyavu upande mmoja tangu utoto, na bega lake la kulia limeshuka chini ya la kushoto kiasi kwamba shati lolote humkalia upande. Na hakutaka liguswe wala lisemwe. Kwetu binti hamwambii baba yake kasoro ya mwili wake. Angekuwa mteja mwingine ningemsogezea maneno, ningecheka naye. Kwake yeye nilikuwa na tepu na adabu tu.

Alikuja kupimwa. Nikasimama nyuma yake. Akajinyoosha, akalipandisha bega la kulia hadi likawa sawa na lile jingine, akalishikilia hapo. Nilisikia chini ya kiganja changu msuli unatetemeka. Nilijaribu soga za samaki. Akajibu neno moja moja bila kulishusha bega.

Bi Zuhura akamwambia, "Shemeji, mbona umesimama kama unapigwa picha ya kitambulisho? Pumua basi, koti hata halijakatwa."

"Ndivyo ninavyosimamaga," akajibu.

Fikirieni hali yangu. Nikikata kwa bega analolionyesha, akilishusha tu koti linaanguka upande mmoja. Nikikata kwa bega ninalolijua, nikaongeza pedi ya begani upande wa kulia na kupunguza urefu, kisha yeye akaja kulipandisha mbele ya Mzee Abdu, kola itaachana na shingo na pindo litapanda upande huo. Kwa vyovyote, koti langu lilikuwa mikononi mwake. Na yeye ndiye aliyekuwa akilisubiri: koti likinishinda, angemchukua Nyangeta. Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Mwishowe nilikata kwa bega ninalolijua, kwa sababu ndilo ambalo angekwenda nalo kanisani, na msibani, na kila mahali ambapo mimi nisingekuwepo.

Siku ya kujaribu alilipandisha tena. Kola ikaachana na shingo, ukatokea mkunjo mnene chini yake. Mzee Abdu akaugusa kwa kidole.

"Mkunjo huu ni wa fundi au wa mtu?"

Ningesemaje ni wa mtu, baba yangu amesimama pale? Nilifumua bandi nikazishikiza upya mahali palepale. Bi Zuhura aliniona, akatikisa kichwa, akarudi kwenye bitana yake.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Majura alikuwa mpirani. Nyangeta alikuwa amekuja nami, kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Koti lilikuwa la kijivu, limepigwa pasi, limekamilika, na hapakuwa tena na bandi ya kufumua. Baba mdogo akalivaa, akajinyoosha. Mkunjo ukarudi. Mzee Abdu alizunguka nyuma yake, akaugusa tena kwa kidole. Niliona anatafuta maneno ya kunikatalia kwa upole.

Baba mdogo hakuwa anajitazama kwenye kioo. Alikuwa anamtazama Nyangeta.

"Mama," akamwambia, "utakuja kwetu Bukima?"

"Nitakuja tukifunga shule," Nyangeta akasema. "Na dada na Majura. Tukifungua tunarudi kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

Nyangeta alimshangaa kama mtu aliyeulizwa jina la kidole chake. "Kamunyonge."

Baba mdogo alitoa pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, na bega la kulia likashuka nayo taratibu, likafika mahali pake. Kola ikalala shingoni. Pindo likawa sawa pande zote mbili. Mgongo ukatulia kama maji ya ghubani asubuhi.

"Mzee Abdu," akasema, "bega hili lilishuka zamani. Binti yangu alilijua, ila ana adabu." Kisha akaongeza, "Limenikaa."

Mzee Abdu akaniambia kiti changu ni kile cha dirishani. Baba mdogo akaondoka na koti mwilini, juani, bila kulivua. Niliona nimeshinda. Nilikuwa na furaha kubwa hata sikumsindikiza stendi.

Miaka mingi nilishona kwenye kiti kile. Majura alimaliza shule akawa fundi umeme. Nyangeta alifika mbali zaidi, ni muuguzi Mwanza. Ada zao zilitoka kwenye makoti ya mabwana harusi, wachungaji, wanakwaya na waliostaafu wakitaka kuagwa wakiwa na suti. Kisha Mzee Abdu akafungua duka Bunda, akanipeleka huko nikawe mkataji.

Bunda nilikuwa chini ya Msimamizi wa Duka, kijana mwepesi aliyependa simu kuliko chaki. Alileta kanvasi ya gundi, ile inayobandikwa kwa pasi badala ya kushonwa. Nilimwambia ikifuliwa itatoa malengelenge. Akanijibu, "Mama Perusi, watu wa Bunda wanaoa Jumamosi. Hawaoi siku ambayo koti liko tayari." Nilicheka, kwa sababu alisema kweli, na nikabandika. Malengelenge yalitoka vilevile. Mgongo wangu pia ulianza huko, kwa kuinamia meza iliyojengwa kwa ajili ya mtu mrefu kuliko mimi.

Bunda ndiko mama mdogo Eliza, mke wa baba mdogo, alikonikuta. Alikuwa amekuja hospitali. Alikaa kwenye benchi la wateja na kunisimulia bila hasira, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Alisema wao hawakujaliwa mtoto, jambo ambalo sisi tulilijua lakini hatukuwahi kuliwazia. Alisema mwaka ule walikuwa wamemwandalia Nyangeta chumba. Baba mdogo alitengeneza kitanda mwenyewe, wakanunua godoro, wakawaambia majirani kwamba mtoto anakuja. Mwalimu wa shule alikuwa amekwisha kuambiwa.

"Akarudi jioni ile na koti," alisema. "Nikamuuliza, mtoto yuko wapi? Akaniambia, koti limenikaa. Basi. Tangu hapo hatukulizungumza."

Niliendelea kukata. Mkasi wangu ulikuwa katikati ya kitambaa cha watu, na huwezi kuacha mkato katikati.

Butiama ndiko nilikomalizia. Kituo kidogo cha ufundi kilitaka mwalimu wa ushonaji, na Mratibu wake, mama mmoja mpole, hakuniuliza vyeti. Aliniomba nimshonee mumewe koti, kisha akanipa darasa. Wanafunzi walikuwa wazuri, lakini walikuja wakitaka sare za shule na vitenge, vitu vinavyotoka siku hiyo hiyo. Makoti ya mtumba yalikuwa yamejaa minadani, na mtu alivaa bega la mtu asiyemjua akaona sawa. Nilifundisha kupiga bandi kwa watoto waliojua kwamba hawatapiga bandi popote. Macho yakaanza kukataa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nilimwambia Mratibu nimechoka, naye hakunibishia.

Mkiniuliza kazi ilinipa nini, nitawajibu ilinipa wadogo zangu. Nilikaa nao, nikawaona wanakua, nikawagombeza, nikawafundisha. Yatima wengi waliogawanywa kama vyombo hawakupata hilo. Lakini nimekuja kuelewa kwa kuchelewa kwamba sikulipata kwa sindano. Pedi niliweka mahali pake, ndiyo, na kola niliikata inavyotakiwa, na bado siku ile nilikuwa nimeshindwa hadi mtu mmoja alipoamua kusimama kama alivyo. Angelishikilia bega lake dakika chache tu zaidi, leo Nyangeta angekuwa binti wa Bukima, na nyumba ile ingekuwa na wajukuu.

Mama mdogo Eliza alifariki mwaka jana. Baba mdogo amebaki peke yake, hasikii vizuri, na kasia ameliacha. Nilipostaafu sikurudi Kamunyonge. Nilibeba vitu vyangu nikaja Bukima. Nachota maji, napika ugali na sato, nafagia uwanja. Nyangeta hutuma wanawe shule zikifungwa, nyumba inapata kelele kwa wiki chache, kisha basi linawachukua. Baba mdogo huwasindikiza hadi barabarani, husimama hapo hata vumbi likishatua.

Mimi ni mtu mzima mwenye mgongo mbovu. Siwezi kuwa mtoto aliyengojewa katika nyumba hii, wala siwezi kumrudishia mtu miaka ya kumtuma mtoto dukani na kumsikia akirudi anaimba. Nilichonacho ni kukaa. Kila jioni, tukiwa tumemaliza kula, baba mdogo huniuliza narudi lini Musoma. Namwambia kwa sauti, ili asikie, kwamba sirudi, nimekuja kukaa. Anaitikia kwa kichwa, anasema ni vizuri.

Jioni inayofuata anauliza tena.