Udongo Mbichi Ukutani

Mjue mapema kwamba siku ile sikuwa nimeonja boha, ile pombe yetu ya miwa, maana hilo ndilo swali la kwanza kila nikisimulia. Ilikuwa saa tisa mchana, nipo juu ya ngazi, brashi mkononi. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Zilikuwa enzi za ujamaa. Hapa Lushoto, palipo na duka la ushirika, palikuwa na kinamasi, na bibi zetu wa Kishambaa walichimba humo udongo wa vyungu tangu zamani. Kisha tukaambiwa pakaushwe, pajengwe. Mimi mwenyewe nilichimba mifereji. Mama yangu, mfinyanzi, hakunigombeza. Aliweka zana zake darini, akaacha kuzungumza nami, na hata akienda sokoni alizunguka mbali asipite pale. Sasa niambie, si afadhali angenitukana?

Duka lilipokwisha kujengwa, mwenyekiti wa ushirika akataka ukuta wa mbele uchorwe kile kinamasi, watoto wajue palikuwa na nini. Fundi rangi ni mimi. Niliipokea kazi kwa moyo wote, nikijiambia mama akiiona atanisamehe. Nikachora matete, maji, wanawake wameinama. Katikati nikaweka mwanamume na jembe, kama picha za kuhimiza kilimo za siku zile. Nikajiona bingwa kweli.

Mara ukungu ukashuka kutoka mlima Magamba. Chini ya ngazi nikaona mama mtu mzima, kajifunga kaniki, miguu ina tope hadi magotini. Tope, kiangazi kile, lilitoka wapi? Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza taratibu:

"Huyu mwanamume amefuata nini kwenye udongo wetu?"

Kwetu kila mtu anajua mwanamume hakanyagi wanapochimba udongo, vyungu vitapasuka motoni. Na mimi, mtoto wa mfinyanzi, nilisahau.

Akaniashiria nishuke. Akampaka yule mwanamume tope kwa kiganja mpaka akapotea, halafu kwa kidole gumba akafinyanga mwanamke mahali pake, anachimba kwa mkono wa kushoto. Niamini, sijaona tena mkono kama ule. Mgongo wa yule mwanamke ulikuwa kama unapumua. Nilitazama michoro yangu nikaona nilikuwa nacheza tu. Nilipogeuka kuchukua kitambaa nimpe ajifute, hakuwapo, na aliposimama palikuwa pakavu.

Jioni nikamweleza mama yote. Asubuhi alijifunga khanga akanifuata. Alisogea ukutani, akaugusa ule udongo, akanusa vidole.

"Huyu ni mama yangu, bibi yako ambaye hukumkuta," akasema. "Yeye peke yake alichimba kwa mkono wa kushoto."

Kisha akanitazama. "Umekula?"

Nililia palepale barabarani, na sioni aibu kusema.

Siku hiyohiyo alishusha zana zake darini. Udongo wa kufinyangia aliutafuta mbali, lakini kila chungu alichanganya na chembe ya ule wa ukutani, na dada zangu hufanya hivyo mpaka leo. Rangi zangu zimebabuka zote. Udongo ule haujakauka wala haupungui.

Basi ukifika Lushoto, simama utazame mpaka uridhike. Lakini kama wewe ni mwanamume, weka mikono mfukoni. Hata mimi niliyeanza kuuchora ukuta ule sijaugusa udongo wake, na sitaki chungu cha mama kipasuke kwa ajili ya kidole chako.