Mama Kanyaga Hakutaka Kupumzika

Kaka yake alipopiga simu asubuhi ile, binti alikuwa kazini kwenye duka la dobi, pasi mkononi, shati la mteja limetandazwa mezani.

"Mama amepumzika," kaka akasema.

"Afadhali! Leo amekubali? Mwache, usimwamshe."

Kisha akamsikia kaka, mtu mzima mwenye mvi zake, akivuta makamasi kama mtoto. "Mdogo wangu, hujanielewa. Mama amepumzika."

Shati liliungua. Mwenye duka ndiye aliyeinyanyua pasi, akamsogezea kiti, akamwambia, "Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Angejuaje? Neno la kupumzika halikuwa na nafasi nyumbani kwao. Mama yao alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, ile yenye meza ya mbao na pedali ya chuma pana kama sinia. Wanawe wote walibembelezwa na mlio wake: taka-taka, taka-taka. Mtaani walimwita Mama Kanyaga, naye aliitika. Ukimwambia, "Mama, pumzika sasa," alijibu bila kuinua macho: "Kupumzika kupo, tena hakuna atakayeniamsha. Neno hilo mtaniambia siku hiyo."

Mvi zilipomjaa kichwani, watoto wakashauriana, wakamfungia cherehani mota ya umeme. Mama alishukuru, maana zawadi ya mtoto hairudishwi. Sasa kazi ilikuwa kugusa tu kwa ncha ya kidole cha mguu, nguo inajishona yenyewe. Akanenepa kidogo, na watoto wakafurahi wakidhani ndiyo raha.

Kumbe raha hiyo ilikuwa inamla miguu. Jioni moja bintiye alikuwa anasali naye kando ya kitanda, kama walivyosali tangu akiwa mdogo. Wakapiga magoti wote wawili. Amina ikasemwa, binti akainuka. Mama akabaki chini. Akashika kitanda, akajivuta, akarudi palepale.

"Mama, bado unasali?"

"Nasali niinuke."

Walicheka, lakini binti alipomshika kwapani aliyaona machozi. "Kuzeeka sikuogopi," mama alisema. "Ila nikishindwa kumpigia Mungu wangu magoti, nitakuwa nimebaki na nini?"

Zahanatini, daktari alimkalisha kwenye kiti, akamwambia asimame bila kushika kitu. Hakuweza.

"Mama, miaka ya kuzaliwa hairudi nyuma," daktari akasema, "lakini mwili nao una umri wake, na huo mtu anaweza kuuharakisha au kuuchelewesha. Misuli isiyotumika hunyauka, hata ya kijana. Ikitumika hupata nguvu tena, hata ya mzee. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nakanyaga cherehani."

"Ikawaje ukaacha?"

Mama akamtazama bintiye. Binti akatazama dari.

Mota ilifunguliwa siku hiyohiyo. Mwanzoni alikanyaga upindo mmoja tu, akahema. Kila akimaliza mshono alikunja mikono kifuani, akasimama, akakaa, akasimama tena, kama daktari alivyomfundisha. Muuza mkaa wa jirani, mzee mwenzake, akamchungulia dirishani.

"Mama Kanyaga, unajiandaa kwenda jeshini? Kwa uzee huo watakuchukua kweli?"

"Wakinichukua, wewe utanibebea begi. Hebu niokotee uzi huo hapo mlangoni."

Muuza mkaa akainama, akaguna, mkono ukakimbilia kiunoni.

"Unaona? Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wewe hata cha mlangoni kinakushinda!"

Kesho yake muuza mkaa alikuja na kigoda chake mwenyewe, wakawa wanasimama na kukaa pamoja huku wakitaniana, mpaka wateja wakadhani ni mchezo. Haba na haba, miguu ikarudi. Si ya usichana, ila ya kutosha. Kabla mvua za mwaka huo hazijakatika, mama alipiga magoti na bintiye, wakasema amina, na yeye ndiye aliyetangulia kuinuka.

"Haya, unasubiri nini huko chini?" akamuuliza bintiye. Alikuwa akicheka kama aliyeshinda kesi.

Ndivyo Mungu alivyomjalia kuimaliza miaka yake. Asubuhi ile ya simu, mama alikuwa ameshasali, ameshakaa kazini. Kaka alimkuta kichwa kimelala juu ya kitambaa, mguu ungali kwenye pedali.

Walimzika alasiri ya siku iliyofuata. Kiongozi wa dini alisoma, akaomba, hakurefusha. Muuza mkaa alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia mpaka wakafika kaburini. Zamu ya watoto ilipofika, binti alipiga magoti, akatia udongo kwa mkono, akasema neno alilokatazwa miaka yote: "Pumzika, mama." Kaka akamnyooshea mkono. Hakuuhitaji, aliinuka mwenyewe, akakung'uta magoti. Kaburi likajazwa, maua yakawekwa, watu wakasema amina, wakarudi nyumbani kwa miguu.