Feni Niliyoipeleka Kwenye Posa

Mkisikia watu wa mtaa wetu hapa Kisangani wananiita Citoyen Feni, yaani Raia Feni, msidhani ni cheo nilichopewa na Chama tawala. Ni aibu yangu, na heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni, ambako mende wa kisa hiki wameshafikia ukubwa wa panya.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nina mashine ya espresso. Ilikuwa ya Mgiriki mmoja aliyenyang'anywa duka wakati wa zairianisation, serikali ilipotwaa mali za wageni, akamwachia tonton wangu, yaani mjomba. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa unakuja dhaifu, maji hayachemki, basi nikang'oa koili ya mashine nikatia ya pasi, halafu umeme ukirudi na nguvu zake mashine inaunguza kahawa na mpini wake pia, basi nikaifungia mgongoni feni ya gari bovu, inayotumia betri, ivute joto la ndani ilitupe nyuma. Nyumbani ilifanya kazi vizuri sana. Kumbukeni hilo.

Jumapili moja mimi na tonton tukaenda kumposa msichana aitwaye Mwamini kwa baba yake, Papa Sefu, wa zile familia za Waislamu wa zamani wa mji huu. Kwao mposaji hasemi neno: anakaa, anaangalia mkeka, mkubwa wake ndiye anasema. Nikamwuliza tonton kwa nini. (Mimi huuliza kwa nini, labda ndiyo maana sina kazi.)

"Kwa sababu ukifungua kinywa, batatukatalia," alijibu, akifunga kifungo cha juu cha koti lake la abacost. "Leo unanyamaza. Unasikia?"

Nilisikia. Ila nilikatazwa kusema, sikukatazwa kupika kahawa, kwa hiyo nikaifunga mashine na betri nyuma ya baiskeli.

Papa Sefu aliingia na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Akaketi mbele kabisa ya mashine (kiti nilimwonyesha mimi, ili aone vizuri).

"Iko nini hii? Jenereta?"

"Iko mashine ya kahawa, papa," nikajibu. Tonton akafumba macho.

Nikachomeka. Umeme siku hiyo ulikuja kwa nguvu ambayo hatukuwa tumeiona muda mrefu, mashine ikanguruma, nami kwa haraka nikaunganisha nyaya za feni kwenye betri, nyekundu mahali pa nyeusi. Feni ya namna hiyo ukiigeuzia nyaya haigomi, inazunguka tu upande mwingine. Yangu ikaacha kuvuta nyuma, ikapuliza mbele. Sasa, ndani ya mashine kulikuwa na unga wa kahawa wa miezi mingi, na ndani ya unga walikuwa wanaishi mende, kwenye joto, kwa amani, wengi. Wote wakatoka pamoja na unga wao kupitia matundu ya mbele.

Kanzu ikawa kahawia. Mende mmoja akapanda kwenye kofia. Nikaruka na kitambaa chenye maji kumpangusa mkwe, na unga wa kahawa ukipata maji mnajua unakuwa nini.

"Papa, pardon, ni polarité—"

"Nyamaza!" tonton akafoka.

"Mutoto," Papa Sefu aliuliza polepole, "na ile kahawa yenyewe iko wapi?"

Hatukuwa na kahawa. Yote ilikuwa juu yake.

Ilibaki kumwuliza msichana. Kwao shangazi huingia nyuma ya pazia: msichana akinyamaza, amekubali, akisema hapana, mnabeba vitu vyenu. Shangazi akaingia. Tukangoja. Kisha kikasikika kicheko cha mtu anayekosa pumzi, maana Mwamini alikuwa ameona yote kwenye upenyo wa pazia.

Shangazi akatoka amechanganyikiwa. "Hanyamazi. Na hasemi hapana. Anacheka tu."

Wazee wakatazamana. Mimi nilikuwa na hoja nzuri sana kwamba kicheko ni aina ya ukimya. Kwa mara ya kwanza maishani, niliimeza.

Papa Sefu akamtoa mende kwenye kofia, akamtupa nje.

"Angenyamaza, ningesema hakuona kitu," alisema. "Huyu ameona yote na bado anacheka. Bon, amekubali. Lakini ile kitu haitaingia tena kwa nyumba yangu."

Siku hizi feni inapuliza jiko la makaa la mke wangu. Nyaya anaziunganisha yeye, mimi sizigusi tena, niliapa. Na nikitaka kumwuliza kwa nini ameielekeza upande ule, naangalia mkeka.