Imeitika

Kepher alikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha chai, na alipostaafu alibaki hukohuko Kimulot, sasa peke yake, akifufua laptopu kuukuu. Dawa yake ilikuwa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Lakini Linux ina koo nyingi, na mashine inayoelewana na ukoo huu yaweza kuununia ule. Ndiyo maana alizijaribu kwa flashi moja baada ya nyingine, na mbele ya kila sehemu ya mashine akaandika daftarini: imeitika, au haijaitika.

Mchana huo mvua ilikuwa imefunga mashamba yote. Laptopu iliyokuwa mezani ilikuwa na kichwa kigumu. Linux ya kwanza iliona waifai, lakini sauti ikanyamaza. Ya pili haikuona hata kamera.

"Pumbavu!" Kepher akaifokea, maana hapakuwa na mwingine wa kufokea.

Akaingiza ya tatu. Waifai ikaitika. Kamera ikaitika, ikamwonyesha mzee asiyenyoa ndevu. Ikabaki sauti. Kupima sauti alitumia rekodi ileile siku zote, ya mkewe Jerusa, waliyemzika mwaka juzi. Akabonyeza.

"Baba Akello! Wacha hizo mashine, chai inapoa!"

"Nakuja," Kepher akasema, na tayari alikuwa ameinuka.

Akabaki amesimama, mkono kwenye kiti, akilitazama jiko lisilo na moto. Kisha akaketi, akashika kalamu, akaandika mbele ya sauti: imeitika.

Hakuandika ni nani aliyeitika.